Tuliosema Mama Riziki Amekula Misambi

Ipo siku moja sijaisahau, mwanangu, na sidhani nitaisahau mpaka nizikwe. Ni ile Jumamosi niliposimama mbele ya watu wa mtaa wetu wa Gatsata, nikamtaja ndugu yangu wa tumbo moja kwa jina lake. Vuta hicho kiti ukae. Chai iko kwenye chupa, jimiminie mwenyewe, maana nikishaanza mimi sinyamazi.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini kasoro. Cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza cha baba, ambaye naye alikuwa fundi nguo mpaka macho yalipomchoka. Akaniachia kazi, yeye akawa anakaa kwenye mkeka na tasbihi yake, anasikiliza. Na ya kusikiliza yalikuwepo, wallahi! Mtu alikuja kupimwa gauni akaondoka na habari tatu. Nani kachumbiwa, nani kagombana na mumewe, nani kanunua godoro jipya, yote nilikuwa nayo. Watu walisema Zaina anashona mbio lakini anaongea mbio zaidi, nami nilicheka nikidhani wananisifu.

Chini yetu bondeni kulikuwa na maji na matete, na humo waliishi misambi. Umewahi kumwona umusambi? Ni ndege mrefu, kichwani ana taji ya manyoya ya dhahabu. Walikuwa wakilia alfajiri mtaa mzima unaamka. Na wakicheza, wanaruka na kufungua mbawa, tunasimama na ndoo zetu za maji tukiwatazama mpaka tunachelewa kuwasha moto. Basi wakaanza kupungua. Wiki hii hawaonekani wawili, wiki ijayo watatu, mwisho asubuhi zikawa kimya. Kimya kile kilituuma, na mtu akiumwa anatafuta wa kumlaumu.

Tukampata Mama Riziki. Alikuwa ametoka Bukavu na watoto wake wawili, amepanga chumba nyuma ya nyumba ya Mzee Karoli, mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa wetu. Alikausha samaki kwa moshi kwenye pipa pale uani, akawapeleka kuuza sokoni Nyabugogo. Siku moja mdogo wangu Hamisi, kijana mkubwa tu wa miaka ishirini na ushee, akaniinamia sikioni: "Dada, unafikiri yule Mkongomani anakausha samaki peke yake? Nimeona manyoya ya umusambi nyuma ya pipa lake."

Loo, nilivyoidaka habari ile! Sikuuliza aliona lini, wala alikuwa anatafuta nini nyuma ya pipa la mtu. Mteja wa kwanza nikamwambia kuna manyoya. Wa pili nikamwambia kuna manyoya na mifupa. Kufika alasiri nilikuwa nasema hawa Wakongomani wanakula kila kitu, ndio waliotumalizia ndege wetu. Mimi nasema hivyo, mwanangu! Mimi ambaye babu yangu aliingia nchi hii kutoka Pwani na mzigo wa vitambaa begani, akaitwa mgeni mpaka uzeeni. Sikuona hata haya.

Haikuchukua wiki mbili. Wanawake waliacha kununua samaki wake. Watoto wake wakawa wanaimbiwa njiani kwamba mama yao ni mla misambi. Mzee Karoli, kwa kuogopa maneno ya watu, akamwambia atoke mwisho wa mwezi, na jambo hilo litangazwe kwenye mkutano baada ya umuganda. Si unajua tena, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya kazi ya mtaa pamoja, tukimaliza tunakaa kuzungumza shida zetu. Likishasemwa pale, limesemwa.

Mama Riziki alikuja kibarazani kwangu na mtoto wake mmoja. Hakupiga kelele. Alisema, "Dada Zaina, banasema maneno inatoka kwako. Niko na watoto wawili. Kwetu iko vita. Nitaenda nao wapi?"

Nikamjibu nikiwa nimekaza macho kwenye sindano: "Mimi sijasema kitu. Watu ndio wanasema." Uongo mtupu, na uso mkavu! Akamshika mtoto mkono, akaenda. Baba aliacha kuhesabu tasbihi.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Jumatano nikapigiwa simu na mama mmoja wa Gisozi, mwenye uwezo wake, anataka nikawapime binti zake mishanana, yale mavazi ya kufunga begani, ya sherehe ya posa. Nikapanda pikipiki, nimefurahi, mteja mkubwa huyo. Geti linafunguliwa hivi, nawaona misambi wanne wanatembea kwenye majani ya bustani.

Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Mmoja alijaribu kuruka, akapinda, akaangukia upande. Mbawa zao zilikuwa zimekatwa, na mimi nafahamu kazi ya mkasi nikiiona.

"Wazuri, eeh?" yule mama akasema. "Wanapendezesha bustani. Kaka yako ndiye ameniletea, huyohuyo Hamisi aliyenipa namba yako. Ameahidi kunitafutia na wengine."

"Anawatoa wapi, mama?"

"Si bondeni kwenu huko, chini ya Gatsata! Kwani wewe hujui?"

Wale mabinti niliwapima ovyo, ikabidi nirudi siku nyingine kuwapima upya. Njia nzima nilikuwa nasoma astaghfirullah. Nikamkuta Hamisi anakula. Nikamwambia nimewaona ndege wake. Kijiko kikabaki hewani.

"Niliogopa, dada," akasema. "Watu walishaanza kuuliza misambi wanaenda wapi. Nikaona bora wamtazame yeye."

"Na akifukuzwa na watoto wake?"

"Yeye ni mgeni. Atapata pengine." Kisha akaanza kulia, mwanamume mzima. "Ukisema watanifunga. Mimi ni damu yako, dada. Yule ni nani yako?"

Sitakudanganya kwamba nilijua la kufanya. Hamisi nilimbeba mgongoni tangu mama yetu alipofariki. Alhamisi yote nilikaa mbele ya cherehani sijashona hata pindo moja. Nikawa najiambia labda ninyamaze tu, mama wa watu atapata chumba mtaa wa Gitega, mambo yataisha. Hapo baba, aliyekuwa ameyasikia yote, akaita kutoka kwenye mkeka.

"Zaina. Manyoya uliyaona wewe?"

"Hapana, baba."

"Mifupa?"

"Hapana."

"Hamisi ameiba ndege. Wewe umeiba mtu. Kila mmoja wenu atarudisha alichochukua. Jumamosi mtanishika mkono mnipeleke mkutanoni."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenichapa. Nililia pale mpaka kitambaa cha mteja kikalowa, na baba hakunibembeleza.

Jumamosi tukazibua mitaro, tukamaliza, tukakaa kwenye majani kando ya barabara. Mama Riziki alikuwa amekaa nyuma kabisa na watoto wake, kila mmoja upande wake. Mzee Karoli akakohoa, akaanza, "Kuna jambo la yule mama mpangaji wangu..." Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikasimama. Nilisema kwa Kinyarwanda ili hata bibi kizee asikose neno: kwamba Mama Riziki hajala umusambi hata mmoja, ndege wako hai Gisozi wamekatwa mbawa, aliyewauza ni Hamisi mdogo wangu, na aliyeshona uongo akauvalisha mtaa mzima ni mimi Zaina.

Nilimtazama Hamisi nikijua atakimbia. Alikuwa amemshika baba mkono. Akasimama, akasema, "Ni kweli. Yule mama hana kosa," akakaa chini.

Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Mimi! Mimi hata kichwa ya samaki ikiniangalia naogopa! Ile ndege ya miguu mirefu ningeikamata na nini?"

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Mkutano wote ukaangua kicheko, Mzee Karoli akifuta macho, na Mama Riziki mwenyewe akicheka huku machozi yanamtiririka. Karoli akamwomba radhi palepale, akasema chumba ni chake na hakuna wa kumtoa. Alhamdulillahi! Mwanangu, nilikuwa nimebeba mzigo siku tatu, na pale nikasikia mabega yamekuwa mepesi, nikakaa chini.

Hamisi alikwenda na Karoli kujisalimisha. Aliadhibiwa, lakini si kama alivyoogopa, kwa sababu alionyesha kila geti alikopeleka ndege. Baadaye wakaja watu wanaoshughulika na wanyama, wakawakusanya kwenye mabustani, wenye nguvu wakapelekwa mbugani Akagera wakaishi huru. Wengine hawakuruka tena maishani, na hilo linaniuma hadi leo. Bondeni kwetu hawajarudi kama zamani.

Na usifikiri Mama Riziki alinikumbatia siku hiyo. Miezi mitatu hakuniongelesha. Nilimsalimia kila asubuhi, anaitikia kwa kichwa. Ilipofika Idi nikampelekea sahani ya pilau. Akaonja mbele yangu, akasema, "Chumvi kidogo." Nilirudi nyumbani nakimbia kuleta chumvi, nafurahi kama nimeposwa!

Sasa kwa nini nakuambia haya. Asubuhi umenionyesha kwenye simu yako maneno yanayozunguka, kwamba popo wa kwenye miti ile ya Gitega wamekwisha kwa sababu wageni waliohamia pale wanawala. Ukaniambia umeshawatumia rafiki zako. Popo wamekwenda wapi, mimi sijui. Nawe hujui. Labda ungeanza kuuliza miti yenyewe nani kaikata. Lakini sikiliza: jambo lolote baya utakalosikia juu ya mtu, nenda kwanza kwake, bisha hodi, msalimie, mtazame machoni. Usiloweza kumwambia akiwa mbele yako usilipeleke nyuma yake. Na ukitafuta aliyeharibu kitu chenu, anza nyumbani kwako, hata kama ni kwa ndugu unayempenda kuliko wote. Na hayo uliyokwisha kuyatuma, yafuate moja moja, mwambie kila rafiki kwamba ulisema usichokiona. Ni aibu, najua. Aibu inapita.

Unajua Mama Riziki ni nani? Ni huyu unayemwita Bibi, hapo ng'ambo ya ukuta. Ulipougua surua na mama yako yuko kazini, ndiye aliyekufunga mgongoni akashuka nawe kilima kwa miguu mpaka kwa daktari, na hakukuweka chini mpaka aliposikia utapona. Tungemfukuza Jumamosi ile, nani angekubeba?

Nenda mwanangu. Mungu akupe majirani wema, akufanye na wewe jirani mwema, na siku utakayokosea akupe nguvu ya kusimama mbele za watu ukaseme ni mimi. Amina.