Ndege Hawakuwa Kwenye Mawe

Jumapili ninayoikumbuka kuliko zote, mjukuu wangu, ni ile niliyombeba baba mkwe wangu mgongoni, yeye amevaa suti nyeupe, na mimi maji yananifika mapajani. Tena wakati huo hakuwa mkwe wangu bado. Alikuwa anafikiria.

Usicheke kabla sijafika pa kucheka. Nakueleza haya kwa sababu nimekuona wewe na wenzako wa chama chenu, mnavyotumiana picha za ndege na nyani kwa simu tangu asubuhi, na Jumamosi mnapanga safari ya msituni. Nafurahi sana. Ila msidhani mmeanzisha ninyi. Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, sisi tulikuwa na chama cha namna hiyo hapa hapa Kisangani, na mimi ndiye niliyeshika daftari.

Tulikuwa watu kumi na wawili: makarani kama mimi, mwalimu mmoja, fundi Saidi wa cherehani na kanzu yake isiyokunjamana, na mzee wetu Papa Bonifasi, mvuvi wa kwenye maporomoko ya mto. Watu wa mtaa wetu wa Kabondo walituita Chama cha Macho kwa kutucheka, nasi tukalipenda jina tukalichukua. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa uani kwa mwalimu, fundi Saidi akitukuta hapo, na kila mmoja akasema alichokiona juma lile. Huyu kaona kiboko karibu na kisiwa, yule kaona kasuku wengi wakivuka mto jioni. Aliyetia chumvi tulimcheka mpaka akaipunguza mwenyewe.

Daftari lilikuwa na pande mbili kila ukurasa. Upande mmoja niliandika Nimeona, upande wa pili Sikuona. Huu wa pili aliutaka Papa Bonifasi. Hakujua kusoma, lakini kila Jumapili alikuja kuweka kidole chake pale na kuniuliza.

"Karani, upande huu iko mweupe tena. Hawa batu banaona kila kitu?"

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na shati lililopigwa pasi, kwa hiyo nilijiona mwerevu. Nikamjibu kwamba hata tembo sijamwona njiani kwenda kazini, je, nimwandike? Wote wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao, kisha akaweka kidole palepale.

Sasa nikuambie habari ya bibi yako. Veronika alikuwa binti wa Papa Atanasi, karani wa posta, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. Kwa maoni yake, kijana anayekwenda kuangalia ndege siku ya mapumziko ni kijana asiyekuwa na la kufanya. Na alikuwepo mwingine aliyepeleka posa, fundi wa mitambo ya meli, mwenye baiskeli mpya. Mimi sikuwa na baiskeli. Nilikuwa na ndege.

Ndipo nikatoa shauri chamani: tufanye sikukuu yetu kwenye yale mawe mapana ya maporomoko. Maji yakipungua, wako ndege wadogo wa kijivu, wana ukosi mweupe na miguu myekundu, ambao hutaga mayai juu ya mawe matupu katikati ya kelele za mto. Ukiwaona kwa karibu hutawasahau. Nilitaka Papa Atanasi awaone, moyo wake ulainike. Chama kikakubali. Nikaandika barua za mwaliko kwa mwandiko wangu bora kabisa, na ile ya Papa Atanasi niliirudia mara tatu.

Ijumaa nikaenda kuchagua mahali. Mawe yalikuwa matupu. Jumamosi nikarudi, nikasimama mpaka shingo ikauma, sikuona hata mmoja. Nikaenda nyumbani, nikafungua daftari, nikachovya kalamu, nikaishikilia juu ya upande wa Sikuona. Mwanangu, mkono ulikataa. Ningeandika, wangeahirisha sikukuu, na fundi wa meli asingeahirisha posa yake. Nikajiambia ndege wamekwenda kutafuta chakula tu. Wenzangu waliponiuliza habari za kule, niliwajibu habari za sufuria na viti. Papa Bonifasi hakuwepo kuniuliza, alikuwa Opala kwa binti yake tangu mwanzo wa juma.

Jumapili ilikuwa nzuri, jua limetulia. Wavuvi wengi walikuwa ng'ambo kwenye harusi, kwa hiyo mawe yalikuwa yetu peke yetu. Tulivuka mfereji mdogo wa maji uliofika kwenye vifundo vya miguu, tukapanga meza, pondu ya majani ya muhogo na samaki, na gramafoni ya mwalimu. Mama yake Veronika alinisifia pondu. Papa Atanasi aliuliza mara mbili ndege wako wapi, nami nikamwongezea samaki kila alipouliza. Veronika alinitazama, akajua kuna jambo. Anayo macho yule mpaka leo.

Tulikuwa katikati ya chakula mtumbwi ulipofika. Papa Bonifasi alikuwa amerudi kutoka safari saa hiyohiyo, akasikia tuko kwenye mawe, akaja hata hajabadili nguo. Hakutusalimu. Aliyatazama mawe, akayatazama tena, kisha akanijia moja kwa moja.

"Karani, ndege iko wapi? Tangu siku gani haiko?"

Hapo, mwanangu, jibu jepesi lilikuwa mdomoni tayari. Ningesema wameruka sasa hivi, kelele za gramafoni zimewatisha. Papa Atanasi alikuwa ameweka uma chini ananisikiliza. Lakini niliuona uso wa Papa Bonifasi, na sikuwahi kumwona mzee yule akiogopa. Nikatazama mfereji tuliovuka. Jiwe tulilokanyaga wakati wa kuja halikuonekana tena.

"Tangu Ijumaa," nikasema. "Nilijua. Nilificha."

"Kila mutu asimame! Acha sahani! Mayi inakuya!"

Ndege wale, mwanangu, wakihama mawe yote, wavuvi wanajua mto unapanda. Mimi nilikuwa na habari hiyo siku mbili mbele ya mji mzima, nikaifungia kwenye daftari. Papa Bonifasi aliingia mferejini wa kwanza akasimama katikati kama nguzo, tukawapitisha wanawake mkono kwa mkono. Wawili watatu wakavushwa kwa mtumbwi wake. Fundi Saidi aliiinua kanzu mpaka kifuani, na siku hiyo tukaona miguu yake myembamba sana. Mwalimu aliikumbatia gramafoni. Papa Atanasi alibaki wa mwisho, kwa sababu hakujua kuogelea na hakutaka mtu ajue. Nikainama mbele yake. Akapanda mgongoni.

Katikati ya maji ndipo aliposema, karibu na sikio langu.

"Kijana, ukiniangusha, ndoa hakuna."

"Na nikikufikisha, papa?"

"Alors, tembea kwanza."

Nilitembea. Nyuma yetu meza iliinuka, ikageuka taratibu, ikaondoka na pondu yote kuelekea chini ya mto. Tulipofika nchi kavu tulihesabiana, tukawa kamili, na mama mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikatushika wote mpaka tukakaa chini. Mimi peke yangu sikucheka. Niliona aibu, nililia kidogo, na Papa Bonifasi akanipiga begani.

"Bon. Ulisema mbele ya mukwe. Siku ingine kama hii, utasema mbele ya mayi kukuya."

Jumapili iliyofuata nilikwenda chamani kurudisha daftari, maana nilidhani nimefukuzwa. Nikamkuta Papa Atanasi uani kwa mwalimu, amekaa kwenye kiti changu, amevaa viatu vya kanisani. Zamu yake ilipofika, akakohoa.

"Andika upande wa pili," akaniambia. "Juma hili, tangu siku ya maji, kiatu changu cha kushoto cha rangi ya kahawia, sikukiona."

Ndivyo nilivyojua nimepata mke. Maji yalipopungua tulirudi kwenye mawe, mimi na Veronika na baba yake, na ndege walikuwepo, na Papa Atanasi akawatazama mpaka jua likazama bila kuuliza chakula.

Basi, mwanangu, chukua shauri langu. Mkienda msituni Jumamosi, mtakachokiona tumianeni, furahini. Na usichokiona kiseme vilevile, siku hiyohiyo, hata kama safari uliipanga wewe, hata kama yupo unayetaka akusifie. Mwenzako anayesikia anaweza kujua maana yake kukushinda wewe, na labda ndiye atakayewatoa watu majini. Ukishaficha, sema hata kama umechelewa.

Mungu akulindie macho yako mpaka uzee, akupe wenzako wa kukucheka bila kukuacha. Na siku ukibeba mkwe wako mgongoni, usiteleze. Sasa nenda kwa bibi yako jikoni, mwombe akuonyeshe kiatu cha kulia cha baba yake. Ameking'arisha miaka yote hii.