Apdeti Iliyomkaa Kooni Bi Time

Bi Time wa Baleni ana maneno huyo, lakini ukishamzoea huwezi kukaa siku mbili bila kumtafuta. Analima muhogo, anasuka mikeka, na binti wa kule akiposwa, Bi Time ndiye somo yake. Anamfunda ndani, mlango umefungwa, kwa nyimbo ambazo mwanamume haruhusiwi kuzisikia. Hata mumewe, Mungu amrehemu, alikufa hazijui.

Kazi hiyo alifundishwa na somo yake mwenyewe, Bi Swabaha. Bibi alipoanza kuishiwa nguvu, Bi Time akawa anakwenda kwake na simu, anamrekodi akiimba. Si kwamba angezisahau, nyimbo zote anazo kichwani. Aliitaka ile sauti yenyewe, iliyokwaruzwa na tambuu za miaka mingi. Bibi wa watu akafariki mwezi wa Shaabani, na tangu hapo haipiti siku Bi Time hajamsikiliza.

Basi simu, bila kumuuliza mtu, ikajiapdeti. Ile programu ya kurekodia ikabadilika sura, ikaanza kudai barua pepe na nywila. Barua pepe! Bi Time aitoe wapi? Rekodi hazionekani. Akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akapanda bodaboda hadi mjini Kilindoni kwa Mbaraka, fundi simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka simu yangu irudi ilivyokuwa, rekodi zangu zionekane. Ni nyimbo za kike, hazisikiwi na mwanamume."

"Hilo dogo. Tunaiondoa apdeti, programu inarudi ile ya zamani. Lete."

"Sileti. Niambie, nibonyeze mwenyewe. Tena geuka huko!"

Mbaraka akacheka, kisha akaona mama wa watu hatanii. Akageukia ukuta, akawa anataja: nenda kwenye mipangilio, fungua programu, bonyeza nukta tatu. Bi Time akabonyeza, simu ameifunika kanga kama mtoto mchanga. Yakatokea maandishi, akayasoma kwa sauti: "Je, ungependa kubadilisha programu hii iwe toleo la kiwandani? Data yote itaondolewa." Kidole kilikuwa njiani kwenda kwenye Sawa.

"Usibonyeze!" Mbaraka akapiga ukelele, uso bado ukutani. "Itafuta kila kitu. Kwanza tuzitafute rekodi kwenye mafaili, tuzihamishie kwenye kadi ya kumbukumbu, na mwishoni tuzifungue tuone kama ni nzima. Hapo, mama, bila kuona na kusikia siwezi."

Loo! Bi Time akakaa kwenye benchi. "Hii amana ya Bi Swabaha," akasema. Akimpa Mbaraka, ameivunja amana. Asipompa, amempoteza Bi Swabaha mwenyewe. Nakwambia mwanamke yule, na maneno yake yote, machozi yalimtoka mbele za wapita njia.

"We una mke?" akauliza mwisho.

"Ninaye, Biubwa. Yuko ndani hapo nyuma. Ila simu haijui, mama. Yeye ni kupokea na kukata tu."

"Kafundwa?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Nimefundwa!" Biubwa akajibu kutoka ndani. Kumbe alikuwa anasikia yote. "Mimi kwetu Kiegeani. Bi Swabaha ndiye somo yangu."

Ikawa kazi kwelikweli. Mbaraka akakubali macho na masikio ya mkewe yawe yake: yeye nje ya mlango anataja hatua, Biubwa ndani anabonyeza na kumweleza anachokiona, Bi Time anamsimamia na kumfokea. Shikilia ya kwanza. Chagua zote. Nakili. Biubwa akakosea, akarudia, akakosea tena. Mwisho simu ikaandika kwamba imekamilisha. Ndipo wakaiondoa apdeti, na programu ikarudi na sura yake ya zamani, tupu, haina hata rekodi moja. Bi Time roho juu. Wakafungua kadi.

"Ziba masikio, we mwanamume!" Bi Time akapaza sauti, akabonyeza.

Haikuanza kwa wimbo. Kilitangulia kikohozi, halafu sauti ya kukwaruza ikauliza: "Time, mwanangu, umekula lakini?"

Biubwa akajifunika uso. Bi Time akaikumbatia simu kifuani.

"Sijala, somo yangu," akajibu. "Tangu jana sijala."

Biubwa akafuta machozi, akaenda kuinjika muhogo.