Ripoti ya Vitunguu Iliyochelewa Kimana

Siku tulipomzika Nalianya walisoma wasifu wake, kurasa mbili nzima. Ati alizaliwa Kimilili, akasomea kilimo, akafanya kazi Kajiado miaka minane, akapanga nyumba Kitengela, akaimba besi kwa kwaya. Mwishoni wakasema alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Nilisonya mpaka mama aliyekaa kando yangu akageuka kuniangalia. Utaratibu! Si huo ndio uliommaliza?

Mimi ni Mumbi. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa kilimo pale Kajiado mjini, tangu mwaka wa tisini na saba. Kazi yetu haikuwa ngumu kueleza. Wakulima wakipata shida ambayo afisa wa kilimo haijui, wafadhili walilipia mtaalamu aje kwa muda mfupi, siku kumi na tano au ishirini, aangalie, aandike ripoti, arudi kwao. Nalianya ndiye aliyepanga yote: barua za kuomba pesa, gari, hoteli, na hasa zile siku. Siku za kusafiri zilihesabiwa. Gari likikwama kwa matope, hiyo pia ilikuwa siku ya mtaalamu, na haikurudishwa.

Halafu ripoti. Kiingereza kitupu, kurasa sitini, zote zinakwenda kwa wafadhili. Mkulima aliyechimbiwa shamba lake haoni hata jalada. Hiyo ndiyo Nalianya aliyoshindwa kuvumilia. Mtaalamu akishaondoka, alikuja kwa meza yangu saa ya chakula na kusema, "Dada Mumbi, nipigie hii. Ukurasa mmoja tu, Kiswahili ambacho mama yangu anaweza kuelewa." Jumamosi ikifika, badala ya kupumzika, anapanda gari kwa nauli yake mwenyewe, anakwenda kuwasomea wenyewe. Nakhumicha, mke wake, alikuwa akimtania, "Wewe ulioa wakulima, mimi ni mgeni hapa." Naye anacheka kile kicheko chake cha tumbo. Alikuwa anapenda kazi, huyo mtu. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo, na sioni haya kusema.

Mwaka wa 2002 mambo yakaharibika. Ukurasa wake mmoja ulisema mtaalamu amependekeza josho jipya la ng'ombe upande wa Isinya. Wafadhili wakaondoa pendekezo hilo katika ripoti ya mwisho. Wazee wakaja ofisini na fimbo zao kuuliza josho lao liko wapi. Wahome, mkubwa wetu, aliaibika mbele za watu. Kesho yake akampa Nalianya barua ya onyo: matokeo yoyote yasitoke ofisini kabla ripoti haijapitishwa, akirudia, kazi hana. Barua hiyo niliipiga mimi. Nalianya alikuwa na watoto watatu shuleni. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata ikaja shida ya vitunguu Kimana. Vilikuwa vinaoza ardhini, ukungu mweupe kwenye mizizi. Tukaletewa mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Mholanzi mmoja mpole, siku kumi na nane. Shamba la kwanza alilochimba lilikuwa la Rebecca, mjane wa Musau, Mkamba mwenye maneno machache. Musau alimwachia ng'ombe wawili na ekari moja ya kukodi kando ya mfereji.

Rebecca alimuuliza Mholanzi swali moja tu: "Nipande ama nisipande?"

Mholanzi akasema udongo lazima uende maabara kwanza, jibu litakuwa kwa ripoti. Nalianya akamtafsiria, nami niliyeandamana nao siku hiyo nikaandika.

"Sawa," Rebecca akasema. "Nitangojea Nalianya. Yeye huja kila mara."

Rasimu ilifika mwisho wa mwezi wa sita. Niliipanga mimi, na jibu lilikuwa ukurasa wa tisa: huo ugonjwa unakaa kwa udongo miaka mingi, mashamba ya kando ya mfereji yasipandwe kitunguu tena, wapande mahindi au maharagwe. Nalianya akaisoma akiwa amesimama. Akaingia kwa Wahome, mlango ukabaki wazi.

"Mkubwa, naomba hii moja tu."

"Ni rasimu. Wakiibadilisha je? Josho umesahau?"

"Udongo hawawezi kuubadilisha."

"Nalianya, barua uko nayo."

Akatoka. Hakunipa kitu cha kupiga chapa.

Tukangoja. Mwezi wa saba yule wa kupitisha ripoti alikuwa likizo kwao Ulaya. Mwezi wa tisa wakataka majedwali yapangwe upya. Wa kumi na moja wakalalamika jalada halina nembo inayofaa. Nembo, jameni! Kila asubuhi Nalianya alisimama mlangoni kwangu na kuuliza, "Imerudi?" Namwambia bado. Alikonda hadi shati likamvaa.

Ripoti ilipitishwa Januari 2004. Siku hiyo hiyo aliandika ukurasa wake, nikaupiga, na nikaomba ruhusa niende naye. Tulimkuta Rebecca shambani anang'oa. Ukishika kitunguu, majani yanabaki mkononi na chini ni uozo. Harufu yake ilishika nguo zangu wiki nzima. Nalianya akamsomea ukurasa wote, pole pole.

Rebecca akapangusa mikono. "Hii maneno ilijulikana lini?"

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya. "Mwezi wa sita, mama."

"Mimi nilipanda wa nane." Akatazama mistari ile yote. "Niliuza ng'ombe wa Musau, wote wawili, nikanunua mbegu na mafuta ya pampu. Majirani waliniambia ngoja. Nikawaambia, kama kungekuwa na ubaya, Nalianya angekuja. Amekosa kuja, basi ni sawa."

Ngai! Miaka yote ile ya Jumamosi, mtu huyo alikuwa amewafundisha kwamba kimya chake ni habari njema. Nalianya alikaa chini pale pale kwa udongo na kulia kama mtoto. Rebecca ndiye aliyemshika mkono kumwinua.

Mwezi wa tatu Rebecca aliwarudishia wenyewe shamba lao, akaenda Emali kufulia watu nguo. Nalianya hakuandika ukurasa mwingine. Alijaza fomu, akapanga magari, akahesabu siku, mpaka mradi ukafungwa. Hata Nakhumicha aliacha kumtania, kwa sababu hakuwa anacheka. Kisukari kilimchukua 2009. Kwa wiki zake za mwisho alikuwa akiniambia, "Dada Mumbi, kama si ile barua." Nami najibu, "Ndiyo, kama si ile barua."

Lakini barua ilikuwa yake. Mimi hakuna aliyenionya. Nilikuwa mpiga chapa tu, nani angejua? Na ule mwezi wa nane nilifika Kimana kununua nyanya za ruracio, sherehe ya mahari ya dada yangu. Nilipita kando ya mfereji nikamwona Rebecca ameinama, beseni la miche kando yake, nusu ya shamba bado tupu. Ukurasa wa tisa nilikuwa nao kichwani, neno kwa neno. Akainuka, akashika kiuno, akaita, "Mumbi! Nalianya amesema nini?"

Nikamwambia, "Ako sawa. Anakusalimia."

Akafurahi, akainama tena. Nikaenda kuchagua nyanya.