Tisa kwa Kumi

Mtaani walimwita Fundi Kola, kwa sababu shati likitoka mkononi mwake kola ilikaa vizuri hata kwa mtu asiye na shingo. Kitambaa alikipima kwa jicho tu. Hesabu nyingine zote alimwachia mumewe, dereva wa lori.

Alipokwenda kupimwa saratani ya matiti, daktari alimwambia picha inaonyesha kitu, itabidi wachukue kinyama kidogo wakakipime.

"Hiyo picha huwa inakosea?"

"Ni nzuri. Katika wagonjwa kumi, inawakamata tisa."

Akatoka na hiyo tisa kichwani, na njiani akaigeuza bila kujua: katika kumi walioonekana na kitu, tisa wanaumwa. Basi yeye kwisha habari yake. Hakulia. Alifika nyumbani, akatandika kitanda kilichokuwa kimeshatandikwa.

Wifi yake alimkuta anakunja magauni.

"Chukua, wifi. Mimi sitayavaa."

"Kulikoni? Majibu yametoka?"

"Bado. Lakini tisa kwa kumi, hapo anabaki nani?"

Wifi akayapokea. Mume wa Fundi Kola alipiga simu kutoka safarini, akaongea weee. Yeye alijibu "sawa" kwa kila kitu, hata alipoulizwa amekula nini.

Siku ya majibu ya kile kinyama, muuguzi alimsomea: hana saratani, ni uvimbe wa kawaida tu.

"Dada, mbona hufurahi?"

"Si mlisema tisa kwa kumi?"

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Hao kumi ni wale wenye saratani kweli, ndio picha inawakamata tisa. Lakini wenyewe ni wachache. Tunaowaita warudi, wengi tunawakuta wazima kama wewe. Hukuelezwa?"

"Labda nilielezwa. Nilisikia tisa tu."

Nje, wifi aliyekuwa akimngoja aliposikia majibu alimrukia akamkumbatia mpaka kilemba kikamdondoka. Fundi Kola alisimama, mikono inaning'inia. Alijua hapo mtu hufurahi, akaingoja hiyo furaha ije. Haikuja. Akaokota kilemba, akakipangusa vumbi.

Mumewe aliporudi alimkuta kwenye cherehani.

"Sasa umepumua, mke wangu?"

"Nimepumua," alisema, kwa kuwa ndilo jibu alilolitaka mumewe, akaendelea kusukuma kitambaa.