Siku Niliyoacha Dungu Tupu

Mimi hesabu hurudia mara mbili: jezi, mipira, hata wachezaji wenyewe kabla basi halijaondoka. Kwa hiyo sitasema nilikosea hesabu.

Beki wangu wa kati alikuwa binti wa kijiji cha Michenga, na mechi ya kule Mlimba iliangukia wakati mpunga unaweka maziwa, punje zikiwa bado laini. Wakati huo ndege hawana huruma. Lazima mtu akae juu ya dungu katikati ya shamba tangu alfajiri, apige debe na kurusha mawe kwa kombeo mpaka jua lizame. Kwao, mtu huyo alikuwa beki wangu.

Nikaenda kupatana na mama yake, kazi ninayoiweza kuliko ukocha.

“Shikamoo mama. Niazime binti Jumamosi moja tu.”

“Marahaba. Na ndege niwaambieje? Wasubiri matokeo?”

“Nitakuletea mtu wa kuamia ndege.”

“Mmoja atasinzia.”

“Basi wawili.”

“Wawili, na wewe mwenyewe Jumapili baada ya misa.”

Tukacheka, tukashikana mikono. Kwa kuwa shamba limepata watu, akasema, yeye atawahi msiba wa ndugu yake huko Masagati.

Watu hao wawili niliwatoa kwa wachezaji wangu watatu wa akiba. Ijumaa jioni winga akategua kifundo cha mguu. Nikahesabu: wamebaki kumi na mmoja. Nikarudia: kumi na mmoja, benchi tupu. Nikawaambia wale wawili wapande basi. Ndege wa siku moja watakula nini?

Beki aliwaona wakipanda. “Kocha, nani yuko shamba?”

“Nimeshapanga,” nikamjibu, wala sikupepesa macho.

Tulishinda mbili bila. Wale wawili hawakuingia uwanjani hata dakika moja.

Jumapili baada ya misa nikafika Michenga. Nilimkuta beki shambani, bado amevaa soksi za mechi. Hakuniamkia. Mpunga wenye punje huinama. Ule ulisimama wima kama askari wa gwaride. Nikaminya suke: maganda matupu. Nikahesabu majaruba yaliyoliwa, manne. Nikarudia, nikitumaini yatapungua.

Enzi zangu za kucheza, aliyekuwa akiniamia ni mama yangu. Mimi natoka na mfuko wa viatu, yeye anapanda dungu na goti lake bovu. Nilirudi nyumbani na mabao mengi ya kusimulia. Sikumbuki hata mara moja kumuuliza alishukaje.

Mama wa beki alirudi Jumatatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa kila tusi nilikuwa na ofa yangu. Akatembea shamba zima, akarudi.

“Mlishinda?”

“Tulishinda, mama.”

“Hongera.”

Basi. Hakuna nilichoweza kupunguza wala kuongeza hapo.

“Majaruba yaliyobaki nitaamia mimi mpaka mavuno,” nikasema.

“Amia. Ila binti hatoki tena.”

Mechi iliyofuata timu ilikwenda na nahodha. Mimi nilikuwa juu ya dungu na beki wangu, kila mtu na debe lake, kila mtu na upande wake. Ilipotimia saa kumi, saa ya mpira kuanza, aliinua macho akalitazama jua. Halafu akasema, bila kunigeukia:

“Kocha, upande wako wanatua.”