Mwalimu Anayehamisha Sauti Yake kwa Waya

Saa moja kasorobo asubuhi, ofisi ya walimu bado inanukia sabuni ya kupigia deki. Mwalimu wa hesabu wa darasa la tano amekwisha kuwasha kompyuta ya mezani. Amechomeka waya mweupe kwenye kompyuta, na upande wa pili ameuchomeka kwenye kishikwambi chenye ufa pembeni. Anatazama kishikwambi, anatazama kompyuta, anarudi kwenye kishikwambi. Kijasho chembamba kinamtoka ingawa madirisha yote yako wazi.

Waya huo ni mkorofi. Ukitikiswa kidogo tu, unakata mawasiliano na kazi inaanza upya, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuegemea meza. Mwalimu wa sayansi anaingia na kikombe chake cha chai, anapita mbali, kando kando ya ukuta, kama kuna mtoto mchanga amelala hapo.

"Huyu akihamisha mafaili, sisi wote tunatembea kwa vidole," anamnong'oneza mwandishi wa makala haya. "Usicheke. Kuna siku niligonga mguu wa meza. Alininunia mpaka Ijumaa."

Kinachopita ndani ya waya ule ni sauti ya mwalimu. Miaka miwili iliyopita madaktari walimkuta na uvimbe kooni. Walimfanyia upasuaji, wakauondoa uvimbe pamoja na kikoromeo chake, na tangu siku hiyo hajatamka neno, hata kwa kunong'ona. Anapumua kwa tundu dogo chini ya shingo, na tundu hilo analifunika kwa kitambaa cha pamba anachoshonewa na mkewe, ambaye ni fundi cherehani.

Kila anachotaka kusema darasani anakiandika kwanza kwenye kompyuta, anakihamishia kwenye kishikwambi, kisha kishikwambi kinakisoma kwa sauti kupitia spika ndogo aliyoivaa shingoni. Sauti yenyewe ni ya kike, tena ya kike hasa, yenye madaha. Wanafunzi waliibatiza jina siku ya kwanza tu: Shangazi. Asubuhi darasa la tano linasimama na kuamkia mara mbili. "Shikamoo Mwalimu! Shikamoo Shangazi!"

Leo hacheki na mtu. Mkaguzi wa shule anakuja kumwangalia akifundisha, na baada ya hapo ataandika kama mwalimu huyu abaki darasani au ahamishiwe stoo ya vifaa, akatunze madaftari, chaki na mipira.

"Kila mtu ananiambia mshahara utakuwa uleule," anaandika kwenye kompyuta, akigeuza skrini ili isomeke. "Kana kwamba mshahara ndio ulionifanya nishindwe kunywa chai leo."

Mkewe anaijua hofu hiyo kwa upande wake. Alipozungumza na mwandishi nyumbani kwao, alikuwa ameinamia cherehani na hakuinua uso. "Zamani nikiwa jikoni namsikia tangu kule barabarani, anataniana na watu, anawagombeza watoto wasio wake. Sasa nashtukia tu mtu yuko mlangoni. Nyumba imekuwa kimya, mwanangu, we acha tu. Wakimtoa na huko darasani, atakuwa amenyamaza kweli."

Kazi yake ina namna yake. Mwalimu mwingine hubeba kitabu, akaingia darasani, na yatakayozuka atayajibu hapohapo. Huyu lazima ayajibu maswali jana yake. Mchana wanafunzi wakishaondoka, anakaa kwenye kompyuta na kuanza kukisia: nani atauliza nini, nani atakosea wapi, mzaha upi utafaa na utafaa baada ya sentensi ipi. Kwa kipindi kimoja cha sehemu za namba anaweza kuandika kurasa kumi na nne, na majibu ya maswali ambayo huenda hakuna atakayeyauliza.

Kwa nini asiandike papo hapo kwenye kioo cha kishikwambi? Amejaribu. Vidole vyake vilizoea chaki na kibodi. Kwenye kioo vinakuwa vizito, na kishikwambi kina kiherehere cha kumsahihisha. Aliwahi kuandika "gawanya", nacho kikabadilisha neno na kutamka kitu ambacho hakimo katika lugha yoyote anayoijua. Darasa zima lilikuwa chini ya madawati kwa kicheko.

Halafu kuna folda moja anayoiita Maneno Madogo. Humo mna vijisentensi vya kila siku: Kaeni chini. Rudia. Endelea. Kwa nini? Mwenzako anasemaje? Hongera. Na kimoja kwa ajili ya wale wa nyuma: Nani amepiga mluzi? Folda hiyo ilihamishiwa kwenye kishikwambi muhula uliopita na haifutwi. Mafaili ya masomo ndiyo huyafuta kila Ijumaa, kwa sababu kishikwambi ni cha zamani na hakina nafasi.

Jana fundi wa kompyuta alikuja kusafisha virusi. Ni kijana mwenye roho nzuri. Kabla ya kuondoka alimwambia, "Mzee, folda zako zilikuwa zimefichika huko ndani. Nimekuwekea alama zake zote hapa mbele, usihangaike kutafuta." Mwalimu alimshukuru kwa mikono miwili. Kila alama sasa ina kishale kidogo pembeni.

Asubuhi hii anazichagua alama hizo zote, anazinakili, anazipeleka kwenye kishikwambi. Kwa kawaida hapo ndipo anapoanza kuuma kucha, maana ule mstari wa kijani unatambaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na waya ndio huo. Leo mstari hauonekani hata kidogo. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha.

Anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Fundi ameifufua hii mashine," anaandika. Anafungua orodha kwenye kishikwambi na kuona majina yote yamepangana sawasawa: Sehemu Utangulizi, Sehemu Mifano, Sehemu Maswali Yao. Huwa anafungua moja moja kuhakikisha. Anainua kidole aanze, na mlango unafunguka.

"Kaka yangu, mkaguzi amewahi," anasema mwalimu mkuu huku akihema. Ni mwanamke mdogo kwake kwa umri, na hajawahi kumwita kwa jina lingine. "Yuko getini. Anataka kipindi cha kwanza. Twende, twende!"

Mwalimu anachomoa waya. Anamfuata.

Darasani wanafunzi hamsini na wawili wanaamkia mara mbili kama kawaida yao, na mkaguzi, bwana mrefu mwenye miwani, anatazama huku na huku kumtafuta huyo Shangazi. Anaonyeshwa kiti cha nyuma. Mwalimu anagusa faili la kwanza.

Kimya.

Anagusa tena. Kwenye kioo yanatokea maneno: Faili haliwezi kufunguliwa. Anagusa la pili, la tatu, la mwisho. Maneno ni yaleyale.

Kilichotokea, kama fundi alivyoeleza baadaye kwa simu kwa sauti ya mtu aliyetamani ardhi immeze, ni hiki. Zile alama zenye kishale hazikuwa mafaili. Zilikuwa njia za mkato, vielekezo tu vya kuonyesha faili liko wapi ndani ya kompyuta ileile. Ukizibonyeza palepale zinakufikisha. Ukizihamisha, umehamisha majina matupu. Mwalimu alikuwa amebeba kibao cha barabarani akidhani amebeba nyumba.

Hayo yote hayajui kwa wakati huu. Anachojua ni kwamba kurasa zake kumi na nne hazipo, kwamba ofisi iko ng'ambo ya uwanja, na kwamba mwalimu anayelikimbia darasa mbele ya mkaguzi amekwisha kujiandikia barua ya kwenda stoo. Kitambaa cha shingoni kinapanda na kushuka haraka haraka. Mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni, ameshika kichwa. Ilikuwa dakika mbaya. Mwandishi wa makala haya alisahau hata kuandika.

Kisha mwalimu anachukua chaki. Anaandika ubaoni: nusu jumlisha theluthi. Anawageukia watoto na kuwanyooshea mkono.

Mikono inainuka. Msichana wa dawati la mbele anajibu kwa kujiamini, "Mbili ya tano!" Amejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, na nusu ya darasa inaitikia kwamba ndivyo.

Mwalimu anapekua kishikwambi. Anaikuta ile folda ya Maneno Madogo. Anagusa.

"Kwa nini?" anauliza Shangazi kwa madaha yake yote.

Msichana anaeleza. Shangazi anasema, "Mwenzako anasemaje?" Mwenzake anasema vilevile. Shangazi anasema, "Kwa nini?" Watoto wanaanza kutazamana. Mwalimu anachukua karatasi mbili zinazolingana. Moja anaichana nusu, nyingine anaichana theluthi, anashikilia vipande viwili juu, kimoja kando ya kingine, na kusubiri. Anataka kusogea kwenye neno Endelea, lakini kidole kinateleza na kuangukia pengine.

"Nani amepiga mluzi?" Shangazi anafoka.

Hakuna aliyepiga mluzi. Darasa linaangua kicheko, mkaguzi anaandika kitu kwenye karatasi yake, na mwalimu anafumba macho. Yeyote aliyemwona pale angemwonea huruma.

Kicheko kinapokwisha, mvulana mmoja wa katikati bado amekunja uso. "Mwalimu, ngoja kwanza. Mbili ya tano si ndogo kuliko nusu? Sasa tumeongeza, halafu imepungua?"

"Rudia," anasema Shangazi.

Anarudia. Sasa hata yule msichana wa mbele anashika mdomo. "Ha! Haiwezekani." Wanaanza kubishana, wanachana karatasi zao wenyewe, wanapanga vipande juu ya madawati, na neno "kwa nini" linaruka kutoka safu hii hadi ile bila Shangazi kuguswa. Kengele inalia wakiwa wamefika kwenye tano ya sita, kwa kelele ambazo siku nyingine zingewaletea matatizo.

Ofisini kwa mwalimu mkuu, mkaguzi anavua miwani. "Nilisoma kwamba kifaa kinasoma somo zima. Leo kimesema maneno machache sana. Ndivyo ulivyopanga?"

"Ndiyo mbinu yake!" mwalimu mkuu anadakia kabla hajaulizwa. "Anawaachia watoto wafikiri."

Hapo mambo yangeishia. Mwalimu anavuta kibodi ya mwalimu mkuu na kuandika: Hapana. Mafaili hayakuhama. Nilikuwa mikono mitupu.

Mkaguzi anasoma, anasoma tena. "Mzee wangu, ningeandika tu kwamba kipindi kilikuwa kizuri, tukaachana."

Mwalimu anaandika: Najua.

"Sasa nitaandika nini? Nilitumwa kuona kifaa kinafanya kazi. Sijakiona." Anakunja karatasi yake na kuitia mfukoni. "Nitarudi Jumatatu. Nikikuta mafaili yamehama, tutaongea. Yasipohama, sitakuwa na la kukusaidia."

Akishaondoka, mwalimu mkuu anakaa kwa kishindo. "Kaka yangu, umejichongea mwenyewe. Nimekufungulia mlango, wewe umeufunga!"

Ni kweli alijichongea, na anaonekana kujua. Lakini anapoulizwa sababu, anaandika bila kusita.

"Ningekubali, angeandika kwamba Shangazi anatosha kwa maneno saba. Jumatatu tunaanza kugawanya sehemu. Huko huwezi kumwacha mtoto na 'kwa nini' peke yake, anahitaji kuelezwa, na kuelezwa ni mafaili. Leo waliniokoa wao. Siwezi kuwadai waniokoe kila siku."

Mchana ule anabaki ofisini. Fundi amekwisha kumwelekeza mafaili halisi yalipo. Anayahamisha, na mstari wa kijani unatambaa polepole kama zamani, naye anautazama kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Anafungua moja moja, Shangazi anasoma sentensi ya kwanza ya kila faili, anafunga, anafungua tena. Mwalimu wa sayansi anakunywa chai yake nje, kwenye baraza.

Mkewe amekwisha kupata habari. "Nimemwambia, baba watoto, ungenyamaza tu, si una kisingizio?" anasema kwenye simu, akicheka na kufuta pua kwa wakati mmoja. "Nahesabu siku mpaka hiyo Jumatatu. Lakini ningemshangaa angefanya vingine."

Anachokitaka mwalimu si kikubwa. Anataka kubaki na watoto hawa mpaka watakapomaliza darasa la saba. Anataka pia kumwomba yeyote mwenye waya mzima amgawie, na anasisitiza jambo hili liandikwe.

Na stoo je? Mwalimu mkuu anasema ni chumba kizuri, kimepakwa rangi juzi. Mwalimu anaitikia kwa kichwa, anavuta kibodi na kuandika.

"Nimekwenda kupaona. Pana baridi ya kutosha, na madaftari yamepangwa vizuri hadi darini. Nilisimama pale katikati kwa muda. Hakuna hata daftari moja lililoinua mkono."