Adela, fundi aliyeikata injini nzima

Saa mbili asubuhi, baridi ya Sumbawanga bado imeng'ang'ania mabati ya karakana. Adela Kapele, mwenye umri wa miaka 41, anapuliza viganja vyake, kisha anazungusha mkono wa chuma uliochomekwa kwenye injini. Injini hiyo ya lori inaanza kuzunguka polepole, bila moto wala moshi. Ubavu wake umekatwa, na wanachuo wanaona pistoni zikipanda na kushuka.

"Kumbe valvu inafunguka hivi," anasema Faith, wa mwaka wa kwanza. "Mimi nilikuwa nakariri tu."

Adela ni fundi wa karakana katika chuo kimoja mjini hapa kinachofundisha teknolojia ya magari. Alizaliwa kijijini Msanzi, kwa wakulima wa mahindi na ulezi, akajifunzia ufundi gereji. Kwa miaka sita aliwaona wanachuo zaidi ya hamsini wakiizunguka injini moja iliyofungwa. Wa nyuma waliambulia migongo ya wenzao.

Mwaka jana mfanyabiashara Muhidin Abdillah alikipa chuo injini ya lori lake la samaki, lililokwisha bodi. Injini ilikuwa nzima. Adela akaomba kuikata.

"Mkuu wa idara alinitazama kama nimeomba kuchinja ng'ombe wa maziwa," anasimulia akicheka. "Akasema, 'Ukikosea, tumebaki na chuma chakavu.'"

Alichora mistari kwa chaki, akafuta, akachora tena. Siku ilipofika, akashika grenda, mashine ya kukatia chuma. "Cheche ziliporuka nikajisemea, maji nimeshayavulia nguo."

Leo mzee Muhidin mwenyewe amekuja kuiona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe."

Adela anamwachia mkono wa chuma. Mzee anazungusha, anasita, anazungusha tena. Kisha anacheka mpaka kofia inamteleza.

"Miaka yote nimepanda nayo mlima na samaki kutoka Kabwe, kule ziwani," anasema. "Ikikohoa namwita fundi, mimi nakaa kando. Leo ndiyo najua ilikuwa ikifanya nini humo ndani."

Wanachuo wanaangua kicheko. Mkuu wa idara, Urbano, naye hana wasiwasi tena. Amekwisha kumruhusu Adela kukata giaboksi.

Ikikamilika, Adela anataka kuifunga pamoja na injini kwenye fremu yenye magurudumu na kuvipeleka shule za sekondari vijijini, akianzia Msanzi.

"Mama yangu mpaka leo anawaambia majirani kwamba kazi yangu ni kuosha magari," anasema. "Tukifika huko, wa kwanza kuizungusha injini atakuwa yeye."